Karani Haandiki "Nadhani"

Mbugangari, Gisenyi, 4 Machi 1956

Mudogo wangu Saidati,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee ambaye bado amewashinda wachawi wote wa Gisenyi. Mi niko muzima, goti tu linalia kama mlango. We na watoto muko salama huko Bukavu? Mume wako bado anakoroma? Muambie nimeuliza.

Tangu tumzike bibi yangu wa ndoa Mukandutiye mwezi wa kwanza, siku moja nashona, siku moja nawaza. Na kuwaza ni kazi mbaya: haina mushahara na haina Ijumaa. Lakini nimewaza, nimepata. Kuna kitu changu kimeibwa. Sitaandika ni kitu gani, wala namushuku nani, maana barua zina macho mengi njiani. Ndiyo sababu hii nimempa dereva wa lori, si watu wa meli. Lori litachelewa, lakini dereva hajui kusoma. Nilimujaribu: nilimpa gazeti, akalisifu akiwa amelishika kichwa chini.

Nakuambia hili tu: mutu huyo alikuja kwangu siku za matanga, akala wali wangu, akalia kuliko mimi. Mutu anayelia kuliko mwenye msiba, mi namushuku.

Yaya wako,
Kadiri fundi

Bukavu, 30 Machi 1956

Yaya Kadiri, kaka yangu mukubwa,

Asalam aleikum. Sisi wazima, Mungu asifiwe. Mume wangu anakoroma na anakusalimu. We unakula? Nani anakupikia?

Lori lako lilikaa njiani karibu wiki tatu, daraja lilikatika. Yaya, kuwaza si kujua. Mutu anayewaza peke yake anamaliza kesi kabla wengine hawajaketi. Niandikie jina la kitu hicho, hilo tu. Siku za matanga kichwa chako hakikuwa chako: ulimuita imamu kwa jina la mbuzi wetu, sisi tukanyamaza. Usimtaje mutu mbele ya watu. Ngoja kwanza tusikilizane.

Mudogo wako,
Saidati

Gisenyi, 15 Aprili 1956

Mudogo wangu,

Funga njema kwako na kwa wote wa nyumbani. Mi nafunga vizuri, tangu nibaki peke yangu nimezoea.

Barua yako ilifika Alhamisi. Baraza la shefu wa mtaa lilikuwa limekaa Jumanne, siku mbili mbele yake.

Bon, basi, watu wote wamesikia, sasa naweza kuandika. Kitu ni mukasi mukubwa wa Baba, ule wenye mpini uliofungwa kitambaa chekundu. Watu wanataka kanzu za Idi, na mi nakata kwa mukasi wa kuazima unaotafuna kama bibi asiye na meno. Mwizi ni Mbonigaba wa meli, rafiki yangu wa miaka thelathini, yule anayefungua bahasha za watu kama zote zimetoka kwa mama yake. Nani mwingine anajua sanduku langu linafunguliwa wapi?

Nilisimama nikasema nadhani ni yeye. Karani Hitimana akainua kalamu.

"Mzee, nadhani siandiki. Unajua ama hujui?"

Watu wakacheka. We unanijua, nikichekwa mi nakuwa punda. Nikasema najua. Akaandika.

Mbonigaba hakubisha. Aliniuliza tu: "Kadiri, unajua?" Nikasema ndiyo.

Mwenye meli amemuondoa kwenye mizigo, sasa anasugua mbao za meli. Baraza litakaa tena tarehe nane mwezi wa tano. Kama mukasi haujarudi, anaenda jela. Na tangu siku ile anapita mlangoni kwangu bila kuniita mwizi wa vitambaa kama desturi yake. Kimya hicho kinanitia shaka zaidi. Mutu asiye na kosa angenitukana.

Yaya wako,
Kadiri

Bukavu, 29 Aprili 1956

Yaya,

Nakusalimu kwa haraka, mengine utaniuliza baadaye.

Mukasi iko hapa kwangu. Ulikata nao sanda ya bibi yako. Baba alitufundisha sisi wa nyumba ya ushonaji: mukasi uliokata sanda unatoka nje ya nyumba siku arobaini, usije ukagusa nguo ya mutu anayepumua. Uliufunga kwa kipande cha bafta ya sanda kilichobaki, ukanipa mlangoni nikipanda lori. Ukasema, "Peleka mbali. Usinirudishie mpaka nikuombe."

Nikangoja uombe. Nilifikiri huombi kwa sababu bado unaumia. Kumbe umesahau. Basi hata mi nilifikiri vibaya.

Meli imefika hapa Bukavu, nimempa Mbonigaba akuletee. Nimemuambia ndani iko nini, na barua hii nimempa wazi.

Mudogo wako,
Saidati

Gisenyi, 13 Mei 1956

Mudogo wangu Saidati,

Idi njema, na Mungu akupe afya ya kunisema miaka mingi. Goti bado linalia.

Mbonigaba alikuja, akaweka barua yako na ule mzigo juu ya cherehani, akaketi pale anapoketi siku zote. Sikukumbuka kitu mpaka nilipofungua bafta. Hapo yote yakarudi. Siku ile ya sanda nilimpima bibi yangu mara tatu, na kila mara alikuwa murefu kidogo kuliko nilivyojua. Miaka thelathini na moja nyumba moja.

Tarehe nane nilisimama mbele ya watu wale wale. Nikamwambia Hitimana aandike: nilisahau. Wakacheka mpaka shefu akajifuta macho. Niliwaacha wacheke. Jela imekwisha. Lakini mwenye meli, nilipomuomba amrudishe Mbonigaba kwenye mizigo, alisema atafikiri. Sijawahi kuchukia neno kama hilo.

Nilimuomba msamaha Mbonigaba. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Nishonee shati. Kwa mukasi huo huo."

Siku arobaini zimepita zamani, lakini nilihesabu tena, na yeye akahesabu nyuma yangu. Haniamini, na mi simlaumu. Kisha nikampima, mara tatu.

Barua hii anakuletea yeye, wazi, na shati amelivaa. Mutazame mabegani. Kama linabana, niandikie, maana mi sijui. Nadhani tu.

Yaya wako,
Kadiri