Bunduki Aliyoichagua Mama

Kaka yangu mpenzi,

Sisi wazima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Juzi dukani Baba aling'ang'ania bunduki nzito ya kuwindia. Mama akamwambia, "Mzee, hiyo itakung'oa bega." Akachagua nyepesi yenye darubini, ikamkaa yeye mwenyewe begani kama ameshonewa.

Kwenye uwanja wa shabaha Mama alipiga risasi tano, zote katikati. Baba alikosa zote. Ndipo akakiri kwamba jicho lake la kulia halioni tangu mwaka jana.

Mama akampa boksi la risasi. "Basi wewe beba, mimi nitapiga."

Jumamosi wamerudi na swala, wakibishana nani alimwona kwanza. Baba anasema ni yeye. Mama amemwachia.

Mdogo wako akupendaye