Kasuku Wadogo wa Mkuyu wa Baba

Mdogo wangu,

Tundu la ndege ulilonitumia kutoka Salamabila lilifika hapa Kasongo mchana, limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Dereva aliliweka barazani akacheka: "Mwalimu, mudogo yako anasema usikasirike. Ndege zako ni hizi. Uzipatie ngazi za michikichi tu, zitazoea. Lakini hazijuwi kusema hata bonjour."

Ni yeye aliyenieleza kwamba umekata mkuyu wa baba kule Lusangi, ili watu wako watafute dhahabu chini yake. Waliwanasa kasuku hawa wawili kwa ulimbo, kisha wakaangusha mti.

Unakumbuka tulivyolala chali chini ya mti ule, wewe, mimi na baba? Ilikuwa lazima, kwa sababu ndege hawa hawashuki. Ni wadogo, wa kijani kama majani, wana ukanda mweusi kisogoni. Ukisimama na kukodoa macho huwaoni. Tuliwajua kwa vipande vya makuyu vilivyoanguka. Kimoja kilikupiga puani, ukalalamika: "Baba, ile ndege inanitupia uchafu."

Baba akakujibu: "Haikujuwi hata jina. Iko inatafuta mbegu tu."

Mbegu hizo, pamoja na vidudu vilivyomo ndani ya tunda, ndizo chakula chao. Kasuku wa kijivu, yule wanayemfuga mjini na kumfundisha salamu, hula ngazi akanenepa. Wewe ukaona kasuku ni kasuku. Wewe, uliyepigwa kuyu puani.

Niliwapa ngazi. Niliwapa wali, ndizi, mahindi mabichi ya kuponda. Walikaa wamebanana pembeni, wakaacha vyote. Shemeji yako alizunguka sokoni akiulizia makuyu, watu wakamtazama kama amepotewa na akili. Wa kwanza alipokufa, mwenzake aliendelea kumwegemea. Kulipokucha, naye alikuwa chini.

Sasa unaniomba mkuyu wa pili, ule wa ng'ambo ya kijito, ulio upande wangu. Unasema utanijengea nyumba ya mabati. Juzi nilikwenda Lusangi. Magoti hayakutaka, lakini nililala chali chini yake, nikangoja. Vipande vikaanguka. Wapo bado, wachache. Jibu langu ni hapana, na nimelisema mbele ya chifu wa kijiji, ili usije ukadai kwamba hukusikia.

Baba naye amelala chali, palepale tulipomzika karibu na shina ulilolikata. Juu yake hakuna tena cha kutazama.

Tundu nalirudisha kwa dereva yuleyule. Sikulisafisha. Ngazi zako zimo, hazina hata alama ya mdomo.

Mimi, kaka yako mkubwa.