Mguu wa Kushoto wa Baba

Kitengela, Jumapili, Agosti 2007

Jua halikutoka leo hata kidogo. Baridi imekaa juu ya Kitengela tangu asubuhi, na upepo unatuletea lile vumbi jeupe la saruji la upande wa Athi River. Nguo zilizofuliwa jana bado mbichi kwenye kamba. Mimi nimetulia, ila ni utulivu wa mtu aliyelia kidogo akiwa anaendesha gari na hakuna aliyemwona.

Gari lenyewe bado tunalionea fahari. Nililichagua kwa picha katika saiba ya intaneti ya hapa mjini, uso umekaribia kugusa skrini, kama mtu anayechagua mchumba. Gari la familia, rangi ya fedha, lililotumiwa Japani na mtu ambaye sitamjua kamwe. Lilivuka bahari, likakaa bandarini Mombasa hadi nikaanza kuamini nimetapeliwa, kisha siku moja ya Mei likawa limesimama nje ya ploti yetu na majirani wamelizunguka. Redio yake haishiki stesheni zetu, ni mvumo mtupu. Kwenye kioo cha mbele kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani ambacho mke wangu hataki kibanduliwe. Na ukiwasha injini, kuna sauti ya mwanamke inayosema jambo kwa Kijapani, kwa upole sana. Hatujui anasema nini. Baba yangu humjibu, "Mulembe, mama," kama anavyowasalimia watu wote kwetu Bungoma.

Baba ndiye aliyenifanya niandike leo.

Alikuwa dereva wa serikali maisha yake yote ya kazi. Hakuwahi kuwa na gari lake mwenyewe. Nyumbani tulikuwa na baiskeli. Wakubwa wake walikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na safari ilipoanza au kuisha yeye ndiye aliyezunguka gari kuwafungulia mlango. Alitueleza kwamba mkubwa hagusi kitasa, anasimama tu anangoja. Tukiwa watoto tulicheza mchezo huo kwa viti vya sebuleni. Sote tulitaka kuwa mkubwa. Baba peke yake ndiye aliyetaka kuwa dereva, akishika sinia la mama kuwa usukani wake. Jioni, kabla ya kurudisha ufunguo ofisini, aliufuta kwa leso. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwagiza afanye hivyo.

Wiki hii amekuja kutibiwa macho. Kwa desturi zetu baba halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo amefikia Rongai, kwa shangazi yangu. Ijumaa nilimpeleka kwa daktari. Alimpima kwa muda mrefu, kisha akatuambia kwamba jicho la kulia halitarudi, na la kushoto litalindwa kwa dawa. Akaongeza kwamba mzee asiendeshe gari tena barabarani. Baba aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa apunguze chumvi.

Tulipofika kwenye maegesho akanyoosha mkono. "Lete ufunguo nikuonyeshe gari inaendeshwa aje."

Nilimwambia niko na haraka ya kurudi kazini. Sikuwa na haraka yoyote.

Tangu hapo sikupata amani. Alikuwa hajashika usukani wa gari hili tangu lije, na alikuwa amelingoja kuliko mimi. Kumnyima ufunguo ni kumwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba amekwisha. Kumpa ni kuhatarisha maisha yake na ya wenzake barabarani. Jana nilimweleza mke wangu, akasikiliza huku akikata sukuma wiki. "Si umpeleke mahali hakuna watu," akasema, akaendelea kukata.

Basi leo baada ya kanisa nilimfuata Rongai. Nilimwomba akae nyuma ajinyooshe, akakataa. Nyuma ni kwa wakubwa, akasema. Akakaa kando yangu, na njia nzima alikanyaga breki isiyokuwepo kila nilipokaribia lori. Tulipita Kitengela bila kusimama, tukashika barabara ya Namanga, na kabla ya Isinya nikakata kona kuingia uwandani, mahali ambapo bado hapajafungwa seng'enge. Nyasi zilikuwa fupi na kavu, ardhi ngumu, punda milia wachache kwa mbali. Nikazima injini, nikampa ufunguo.

Alivua kofia, akaivaa tena, akazunguka kwenda upande wa usukani.

Nilimweleza kwamba gari hili linabadilisha gia lenyewe. Pedali ni mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote ni kazi ya mguu wa kulia. Akasema amesikia. Yule mama wa Kijapani akaongea, baba akamjibu, tukaondoka vizuri. Lakini mguu wa kushoto wa baba ulianza kukanyaga klachi kabla mimi sijazaliwa. Gari lilipoongeza mwendo, mguu ule uliinuka wenyewe ukatafuta klachi, ukakuta breki, ukaididimiza hadi chini. Tukarushwa mbele, mikanda ikatukamata. Tukaanza tena, tukarushwa tena.

"Sasa huu mguu mwingine kazi yake ni gani?" akauliza.

"Hauna kazi, Baba. Umestaafu."

Nilitamani kuyameza maneno hayo. Lakini alicheka, akauvuta mguu nyuma, akauficha chini ya kiti, na safari hii gari likateleza bila kushtuka. Mgongo wake ulinyooka. Mikono yake ilitulia kwenye usukani kama ninavyoikumbuka. Alikwepa kichuguu, akapinda kwa ulaini kiasi kwamba sikuhisi mpindo wenyewe, na nikamwona ametabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilifurahi sana. Nilianza hata kufikiri kwamba daktari amekosea.

Kisha ng'ombe wakatokea upande wa kulia. Kundi zima, wazi kabisa, hakuna kichaka cha kuwaficha. Baba alikuwa anaenda moja kwa moja kuelekea kwao, bado anatabasamu.

"Baba, ng'ombe."

"Wapi?"

Nilipiga kelele, na mguu wa kushoto ukachomoka chini ya kiti ukatafuta klachi. Gari likasimama papo hapo, na ng'ombe wa mbele akawa anatutazama karibu na taa. Kosa lile lile nililokuwa nikimrekebisha ndilo lililotuokoa.

Mchungaji alikuwa mzee wa Kimaasai, umri wa baba, shuka limefunika hadi masikio kwa ajili ya baridi. Alikuja hadi dirishani bila haraka. "Sopa," akasema, na baba, ambaye alijifunza salamu hiyo safarini na wakubwa wake, akaitikia, "Epa." Mzee akamwangalia baba kwenye usukani, akaniangalia mimi kando yake, akatabasamu.

"Nimewaona kutoka kule, mnaenda mnasimama. Unafunza mzee gari?"

Uso uliniwaka. Nilifungua mdomo nimweleze huyu ni nani, ni mabonde gani na matope gani ameyavuka na hajawahi kumwangusha mtu. Baba akaweka mkono kwenye goti langu.

"Ndiyo," akamwambia. "Ndiyo naanza. Shida ni nimechelewa."

"Hakuna shida. Mimi kijana yangu alinifunza simu. Pole pole tu."

Akawapigia ng'ombe wake mluzi, nao wakaanza kupita mbele yetu. Baba aligeuza kichwa chote ili jicho la kushoto liwafikie. Aliwatazama hadi wa mwisho.

"Walikuwa wengi hivyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba. Walikuwa wengi."

Alizima injini mwenyewe. Akachomoa ufunguo, akatoa leso mfukoni, akaufuta pande zote mbili, akauweka kiganjani mwangu. Nilishuka, nikazunguka gari, nikaingia upande wa usukani na kufunga mkanda, nikimngoja akae kando yangu.

Hakuja. Nilitazama nyuma nikamwona amesimama karibu na mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mikono ameifunga mgongoni, anaangalia mbele kule ng'ombe walikoelekea. Nilidhani anapunga upepo. Nikashusha kioo nikamwambia mlango uko wazi. Hakugusa kitasa.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nikafungua mkanda. Nikashuka, nikazunguka gari, nikamfungulia baba yangu mlango. Aliinama akaingia polepole, akakaa vizuri, akaweka kofia magotini. Nikaufunga mlango kwa mikono miwili ili usipige kelele.

"Twende, dereva," akasema nilipowasha. "Na usinirushe."

Machozi yalinitoka kabla hatujafika lami, na nilishukuru kwamba aliyekaa nyuma hakuweza kuyaona vizuri kwenye kioo. Tulipofika nyumbani, mke wangu alichungulia dirishani, akaona mzee amekaa wapi, akamtuma mtoto wetu apeleke maji ya kunawa. Hakuniuliza kitu hadi jioni, nilipokwisha kumrudisha Rongai.

Kesho ana miadi ya dawa na nimeomba ruhusa kazini. Nimeshaliosha gari na kupiga pasi shati jeupe. Nitakuwa nimeshuka kabla hajafika mlangoni.