Mkwaju wa Mpakani

Alhamisi, 3 Julai 1997

Nimemwagilia miti yote kabla ya shule. Kopo moja kwa miti mitatu. Mama analalamika kwamba maji ya dumu ni ya kupikia, si ya kuogeshea vichaka. Miti imefika ishirini na mmoja, kwenye mabakuli ya bati, madumu yaliyokatwa nusu na karai kuukuu. Migunga, mikuyu, mikwaju. Hakuna hata mmoja unaonifika magotini.

Baba amefunga waya wa shaba kwenye matawi ya mkuyu. Waya tumeutoa kwenye mota ya pampu iliyoungua. Alikuwa karani wa masijala miaka kumi na tisa, na vidole vyake bado vinafunga kila kitu kama faili. Tangu wampunguze kazini mwezi wa Machi hajatulia.

Kitabu cha kulea miti ibaki midogo ni changu. Mwalimu wa Kijapani aliyetufundisha hisabati kidato cha kwanza aliniachia alipoondoka. Kiko kwa Kiingereza. Mimi natafsiri, Baba anakata. Kazi hii kitabu kinaiita bonsai. Baba anaiita biashara. Mama, anayeuza mitumba sokoni, amewaambia wenzake: "Serikali inahimiza miti ikue, mume wangu anaikataza." Wamecheka hadi wamekaa chini.

Hatujauza hata mmoja.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekwenda kijijini Mkonze kwa baiskeli kutafuta mti, mimi nyuma na jembe mapajani. Tumeupata.

Mkwaju. Shina nene kama paja langu, urefu hauzidi stuli. Mbuzi wameutafuna miaka na miaka ukakosa pa kwenda, ukajikunja. Kitabu kinasema mtunza miti anahitaji nusu ya maisha yake kuupata mti wa namna hii. Mbuzi wameufanya bure.

Ulikuwa katikati ya mashamba mawili yaliyokwisha kuvunwa mtama. Baba aliuliza kwanza. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Kulikuwa na mzee mmoja anakusanya mabua, Mzee Malogo, akasema shamba la upande wa mlimani ni lake. "Kichaka hiki? Chukueni, mtakuwa mmenisaidia." Akachimba pamoja nasi.

Mzizi mkuu ulishuka wima kama nguzo. Kitabu kinasema mzizi mkuu ukatwe. Nilishika shina, Baba akakata kwa msumeno. Msumeno ulikwama katikati, ikabidi ageuze amalizie upande wa pili, mkato ukabaki na kidato kama ngazi. Sehemu ya chini ya mzizi ilibaki ardhini. Mzee Malogo alifukia shimo mwenyewe, akalisawazisha kwa mguu, akatandaza mabua juu. Baba alitaka kumpa pesa ya ugoro. Alikataa.

Sikuelewa. Watu hawafukii shimo kwa uangalifu namna ile.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwaza mkwaju. Tumeuweka kwenye karai nyuma ya nyumba, kivulini, tumeuzungushia gunia bichi. Majani yote yamedondoka. Kitabu kinasema ni kawaida. Baba ananiuliza kila saa, "Hebu soma tena hapo."

Jumanne, 15 Julai

Nimerudi shule nikakuta gari jeupe mlangoni. Mke wa mheshimiwa mbunge mmoja, amemfuata mumewe kwenye kikao cha bajeti. Amesikia habari zetu sokoni kwa Mama. Alipiga makofi kama mtoto. "Jamani, vitoto vya miti!" Nilisalimia shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, nikajificha jikoni.

Baba hakutaka kuonyesha mkwaju. Kisha akaonyesha. Vijani viwili vimeanza kuchomoza. Yule mama alichuchumaa mbele ya karai. Halafu akasema anautaka kwa sherehe yake ya kufunga kikao, na wageni wakiupenda ataagiza mingine kumi kwa ajili ya nyumba yao ya Dar es Salaam. Atakuja kuuchukua Jumatatu, tarehe nne Agosti.

Alipoondoka Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani anaumwa. Kumbe anatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya. Nitaiandika kwa mpangilio, labda nitaielewa.

Bibi Nyemo amekuja na vyungu. Ni mfinyanzi, mjane, anaishi Mkonze. Anatuletea mlenda mkavu tangu nikiwa darasa la pili. Baba alimwagiza vyungu vifupi, vyenye tundu kwenye kitako. "Mbukwenyi," akasalimia kwa Kigogo mlangoni kama kawaida yake, akatua mzigo. "Miaka yote chungu kikitoboka nakitupa. Leo natoboa mwenyewe, napata mteja. Dunia hii, mjukuu wangu!" Amefanya vyungu sita. Kimoja kikubwa, kizuri mno, kina ukingo kama kamba iliyosokotwa. Hicho Baba alikwisha kumpa vipimo vyake. Ni cha mkwaju.

Nikampa chai. Akasema watu wa upimaji wanakwenda kwao tarehe moja. Mji unawafuata. Shamba litakatwa viwanja, kila mtu atahesabiwa viwanja vyake kwa kadiri ya shamba lake. Nikamuuliza kama ana wasiwasi. Akacheka. "Wasiwasi wa nini? Mpaka wangu na Malogo ni mkwaju. Marehemu mume wangu na baba yake Malogo waliukuta, wakakubaliana hapo. Mkwaju hauna miguu."

Kikombe changu kilikuwa mkononi. Nakumbuka nilikitazama tu. Mkwaju ulikuwa nyuma ya ukuta alioegemea.

Hakujua. Mguu wake unauma, hajafika upande ule tangu mavuno.

Ningesema sentensi moja tu. Nikamuongeza sukari.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia Baba. Alikuwa anapima chungu kikubwa. Mikono ikasimama.

"Tuliuliza," akasema.

Tuliuliza. Lakini tulimuuliza mtu mmoja wa mpaka wenye watu wawili. Karani wa masijala anajua barua haisainiwi na upande mmoja. Nilitaka kumwambia hivyo.

Baadaye akasema: "Mambo ya ardhi ni ya wakubwa. Wewe soma." Kisha akaenda kumwagilia miti niliyokwisha kuimwagilia.

Jumatano, 23 Julai

Jaribio la bayolojia. Swali kuhusu kazi za mzizi. Nimeandika ukurasa mzima kisha nikaufuta.

Je, Baba alijua siku ile? Sidhani. Je, Mzee Malogo alijua? Alifukia vizuri sana. Au ni mtu nadhifu tu. Je, mimi ni nani katika jambo hili? Mimi ndiye niliyesoma kwa sauti: mzizi mkuu ukatwe.

Jumamosi, 26 Julai

Bibi Nyemo amekuja bila vyungu. Hakusema mbukwenyi. Amekaa kwenye ngazi, amevua kandambili.

Mkwaju haupo. Amezunguka shamba asubuhi nzima akidhani macho yamemchezea. Mzee Malogo amemwambia hapakuwahi kuwa na mkwaju pale, mpaka ni lile jiwe kubwa. Jiwe liko hatua arobaini ndani ya shamba la Bibi Nyemo. "Ananiambia, shemeji, uzee huo. Mimi! Nimepalilia kuuzunguka ule mti na mtoto mgongoni." Wazee waliokuwepo wamekufa. Wanawe wawili wako Chemba, wanachunga, watafika lini?

Mama alimpa maji. Mama hajui tulikoutoa wetu, akasema kwa hasira, "Mti hauwezi kuondoka wenyewe, kuna mtu kaung'oa." Baba aliinuka akaingia ndani.

Nimeona aibu mpaka masikio yameuma. Bibi Nyemo alipoaga alinishika kichwa akasema nisome kwa bidii.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemuuliza Baba kama tunaweza kumwambia. Amesema tukisema, mkwaju unakwenda. Yule mama atachukua oda yake aende. Baba ataanza tena kuzunguka maofisini na bahasha ya vyeti. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Nampenda Baba. Nampenda Bibi Nyemo. Sioni sentensi itakayowaweka wote wawili upande mmoja.

Mkwaju una majani kumi na manne.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeandika barua kwa mpimaji. Kuzungumza siwezi, kuandika naweza. Aya tatu. Nimeinakili upya mara nne kwa sababu ya hati. Sijaitia jina la Baba.

Ijumaa, 1 Agosti

Sikwenda shule. Mara ya kwanza maishani bila kuumwa.

Mama alikwisha kwenda sokoni. Nilitoa karai kivulini, nikaliweka kwenye keria ya baiskeli, nikalifunga kwa mipira. Zito. Likawa linayumba. Baba akatokea jikoni, na kikombe cha chai. Tukatazamana. Nilikuwa nimevaa sare. Nilidhani atanipokonya.

Aliweka kikombe chini. Akafungua fundo langu, akalifunga upya, akakaza mara mbili. Akavuta kuhakikisha. Akaingia ndani.

Sijui alimaanisha nini. Naandika alichofanya tu.

Nikaenda nalo Mkonze. Nilisukuma zaidi ya nilivyopanda. Walikuwapo wapimaji wawili, darubini yao kwenye miguu mitatu, Mzee Malogo amesimama kwenye jiwe lake, Bibi Nyemo ameegemea jembe. Na watu wengi wa kijiji. Wengi kuliko nilivyofikiri.

"Binti wa mjini," akasema Mzee Malogo, "shule umeiacha njiani?" Watu wakacheka. Kisha akaona karai. Yeye akaacha kucheka.

Nikampa mpimaji barua. Akaisoma yote, taratibu. "Hati nzuri," akasema. "Sasa nionyeshe kwenye ardhi."

Hilo sikuwa nimeliandalia. Sehemu zote zilifanana, mabua na mawe. Nilitembea huku na huko na watu wananong'ona. Ndipo nikakumbuka nilivyosimama siku ile nimeshika shina, kilele cha mlima kikiwa juu ya bega la Baba. Nikasimama hivyo hivyo. Nikaomba jembe. Udongo ulikuwa laini. Nililima, kisha nikatumia mikono. Shubiri mbili. Mzizi.

Nikautoa mkwaju kwenye karai. Nikakung'uta udongo, vijizizi vipya vyeupe vikakatika. Nilivisikia. Nikauweka juu ya mzizi wake na kuuzungusha kidogo kidogo, mpaka kidato kikakaa ndani ya kidato. Hata mimi nilishtuka.

Mpimaji akapiga magoti, akapitisha ukucha kwenye mkato. Akamwita mwenzake na kigingi.

Mzee Malogo alisema, "Mimi niliwaambia wachukue kichaka. Sikuwaambia wachukue mpaka." Akaondoka, hakugeuka.

Bibi Nyemo alinitazama. "Kumbe ni ninyi," akasema. Nikasema ndiyo, shikamoo, samahani. Kwa mfuatano huo. Hakuitikia. Alichukua jembe lake, akaanza kuurudishia mti udongo.

Jumapili, 3 Agosti

Mama anajua yote sasa. Hakucheka. Baba amekula kidogo. Amenisogezea mboga.

Sina furaha ya mtu aliyefanya jambo jema. Nilitegemea ningekuwa nayo.

Jumatatu, 4 Agosti

Yule mama amekuja. Baba alisimama wima kama alivyokuwa akisimama mbele ya bosi wake, akamwambia mkwaju haupo, ulikuwa wa watu. Yule mama akasema ameshawaambia wageni. Akasema hivi ndivyo biashara zetu zinavyokufa. Gari likaondoka. Baba alibaki amesimama mpaka vumbi likatua, kisha akachukua koleo ya waya, akaendelea na mkuyu.

Jumamosi, 16 Agosti

Dereva wa yule mama amekuja kuchukua mkuyu mdogo. Mmoja. Hakueleza kwa nini. Baba aliufunga kwenye gazeti kama samaki. Jioni alinukuu kitabu changu kimakosa, mara mbili, nami sikumrekebisha.

Jumamosi, 30 Agosti

Baba amenituma Mkonze na dumu la maji. Yeye ndiye aliyelijaza. Nikiwa tayari kwenye baiskeli akauliza, "Mzizi uliufunika vizuri?" Nikasema Bibi Nyemo aliufunika. Akaitikia kwa kichwa.

Mkwaju hauna jani hata moja. Pembeni yake kuna kigingi cha saruji chenye namba. Nilikwaruza gome kwa ukucha, kama kitabu kinavyoelekeza. Ndani palikuwa kijani. Au nilitaka sana pawe kijani.

Bibi Nyemo hakuwepo. Lakini ameuzungushia mti ua wa miiba, mzito, pande zote, amepanga kwa mkono wake. Hakuna mbuzi atakayeufikia tena. Nilipitisha mkono kati ya miiba nikamwaga maji yote, polepole.

Ukipona utarefuka. Sikuwa nimefikiria hilo.

Kwenye ngazi ya nyumba yake kulikuwa na vyungu vinne vinaanikwa. Niliviangalia kwa mbali, kisha nikasogea nikavigeuza kimoja kimoja. Vina tundu kwenye kitako, kama vile vya Baba.