Jua la Gunnvor, Mvua Yangu

Lyngvær,
30 Machi 1987

Kwako mdogo wangu Gunnvor,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na ukishazipokea nijulishe hali yako. Kile kikohozi ulichoondoka nacho Krismasi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Mama hajambo, anakula vizuri na kugomba vizuri. Kondoo wawili wamezaa mapema, na watoto wao wamelala jikoni karibu na jiko. Najua utashangaa kwa nini nakuandikia wakati kila Jumapili unapiga simu. Simu iko ukumbini, Mama yuko ukumbini, na haya ninayotaka kukuambia si ya kusikiwa na Mama.

Nianze na redio. Siku ile ulipotoa mwelekeo wa hali ya hewa ya majira ya kuchipua kwa pwani yetu, Mama aliondoa birika motoni lisipige kelele, kisha akaniamuru nisitafune. Nilikuwa na mkate mdomoni, nikaukalisha shavuni mpaka ulipomaliza. Ulisema mvua itazidi kawaida, upepo wa kusini-magharibi utavuma hadi Aprili iishe, na siku kavu zitakuwa chache na za kudanganya. Mama alitabasamu utadhani umetangaza neema. Akaniambia, "Umesikia anavyotamka? Kila neno limenyooka." Kuni zilizopasha moto chumba alichokaa kukusikiliza nilizipasua mimi. Kuhusu kuni hakusema kitu.

Gunnvor, wewe hujui adha ya kuwa dada wa mtu wa redio. Jua likitoka ni lako. Watu wanasimama dukani kwa Magnhild na kusema Gunnvor katupa siku nzuri. Mvua ikinyesha ni yangu. Sjur, jirani yetu asiyeishiwa maneno, ananipigia kelele toka ng'ambo ya barabara: "We Oddny! Mwambie mdogo wako atuhurumie, viazi vyangu vitaota mapezi!" Mwezi wa pili dhoruba ilipong'oa paa la banda lake la mashua, alinifuata hadi zizini kunilalamikia, na mimi nimemshika kondoo miguu. Nikamwambia mimi siyo upepo. Akajibu, "Lakini ni wa ukoo wake." Watu walicheka wiki nzima.

Nakuonea wivu, na sitalizungusha neno hilo. Nakuonea wivu wa sauti yako, wa koti lako la mjini Bergen, na zaidi ya vyote wa namna Mama anavyolitaja jina lako. Akifurahi huniita Gunnvor kwa kukosea. Akikasirika hakosei hata siku moja.

Sasa nije kwenye kilima chetu cha malisho. Unajua hakijachomwa tangu Baba afariki. Vichaka vimekomaa vimekuwa kuni tupu, kondoo wanavinusa na kupita. Nisipochoma ili yachipue majani mapya, itabidi nipunguze kundi kwa nusu, na nusu ya kundi haiwezi kututunza mimi na Mama katika nyumba hii. Wiki iliyopita tulikutana kwenye nyumba ya kijiji kupanga siku ya kuchoma vilima vya kijiji, kama kila mwaka. Sjur akasema mwaka huu hakuna kuchoma, kwa sababu Gunnvor kasema hakuna ukavu. Wote wakaitikia na kurudia kahawa yao. Hakuna aliyeniuliza mimi ninayepanda kilima hicho kila asubuhi.

Nikasimama na kijiko cha jamu mkononi. Nikasema upepo utageuka na kutoka mashariki kabla ya Ijumaa, na Jumamosi tutachoma kilima changu chote. Nilisema kwa sauti, isikike hadi jikoni, maana Mama alikuwa huko akisaidia kuoka. Sjur akauliza kama na mimi nimenunua mitambo. Nikamjibu nina pua.

Na upepo ukageuka, Gunnvor! Alhamisi ulitoka mashariki, mkavu na baridi, na Ijumaa vijiti vilikatika mkononi kwa ukavu. Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuja na sepeto na matawi mabichi ya msonobari ya kupigia moto kingoni. Tuliwasha juu kabisa, moto ukateremka taratibu kuelekea baharini. Hata Sjur alinitazama kwa adabu. Nilianza kutunga moyoni maneno ya kukuambia kwenye simu, ya upole, ya kukuonea huruma. Mungu anisamehe, maana kanisani nilikuwa nimemwomba ukosee hewani, pwani nzima ikisikia.

Adhuhuri haijafika, upepo ukatulia. Kisha ukaja kutoka kusini-magharibi. Bahati yetu mvua ilikuja nao, la sivyo moto ungetugeukia sisi. Ilimwagika, na moto ukafa kabla haujala hata robo ya kilima. Tulibaki tumesimama kwenye masizi, nyuso nyeusi. Sjur akavua kofia, akaikamua, akasema, "Oddny, hiyo pua yako ina mafua." Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipogeuka kuokota sepeto nililia, na kwenye mvua ile hakuna aliyejua.

Niliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma ili nivue buti. Mama alikuwa kwenye simu. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo yeye ndiye aliyekupigia, yeye anayesema simu ni ghali kuliko nyama. Nilisikia jina langu, nikaganda na buti moja mguuni. Uliyasikia mwenyewe, lakini acha niyaandike, maana napenda kuyaona. Alikuambia kwamba Oddny aliujua upepo wa mashariki kabla haujafika, vilevile kama Baba. Kwamba yeye Mama alisimama dirishani asubuhi yote akitazama moto ulivyokuwa ukimtii Oddny. Kwamba bila Oddny angekuwa amelazwa zamani katika nyumba ya wazee. Kisha akasema, "Wewe nakupenda, mwanangu, lakini huyu akikosekana siku moja sijui hata chumvi ilipo. Na usithubutu kumcheka."

Hapo ubao wa sakafu ukalia chini ya mguu wangu. Mama alikata simu bila hata kukuaga. Akaniangalia toka kichwani hadi kwenye maji yaliyotuama miguuni, akasema, "Umenichafulia sakafu. Gunnvor alisema itanyesha."

Unaijua nyumba yetu. Mtu hasifiwi usoni, asije akavimba kichwa. Hata Baba alimsifu ng'ombe baada ya kumuuza. Basi miaka yote hii Mama amekuwa akikusifu wewe kwangu, na kumbe akinisifu mimi kwako. Sijui kama nawe hukaa huko Bergen na simu sikioni ukimeza nyongo ileile. Kama ndivyo, pole.

Lakini nikiri jambo moja, Gunnvor. Wivu haujaniisha, umehama tu. Zamani nilikuonea wivu kwa sifa zako. Sasa nakuonea wivu kwa kuwa sifa zangu unazisikia wewe. Kila Jumapili umezipokea, na hukunitumia hata moja. Hakika wewe ni mtoto wa nyumba hii.

Msalimie shemeji Eilif na umwambie soksi zake ziko tayari. Magnhild anakusalimu, na Sjur anauliza Pasaka utampangia jua au mvua. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina.

Jumapili ukipiga simu, muulize habari zangu, na usimkatize. Nitakuwa mlango wa nyuma nikivua buti, hata kama siku nzima sijatoka nje.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Oddny