Spana ya Mzee Nzau

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo nimeanza na Mzee Bartholomew Nzau. Miaka themanini na miwili, fundi wa ndege za jeshi wakati wa vita vya Shifta. Parokia inataka kijitabu cha kumbukumbu za wazee wetu wa Kithimani, na Padri amesema mwalimu mstaafu kama mimi hana kazi, aandike yeye. Hana kazi!

Nimerekodi kwa simu, dakika arobaini. Mzee anakumbuka mpaka harufu ya mafuta. Sheria yao: ndege hairuki kabla vyombo vya fundi havijahesabiwa. Spana moja ikikosekana, pengine imesahaulika ndani ya injini, na watu watakufa. Sasa siku moja huko Wajir spana ikakosekana. Nzau akamwambia sajenti ni Kimanzi aliyeipoteza. Rafiki yake huyo, wa Ekalakala. Kimanzi akazungushwa kiwanja kizima juani, tairi kichwani. Ndege ikapekuliwa, hola, hakuna kitu. Siku nne hawakusemezana. Siku ya tano Kimanzi akapanda ndege ya kupeleka dawa na barua, na Nzau hakuinua kichwa kumuaga. Ndege haikurudi. Wiki iliyofuata, Nzau akichukua ovaroli yake mwenyewe, ile nyingine, aifue, spana ikaanguka kutoka mfuko wa mguuni.

"Hiyo nataka mtoto wa Kimanzi asikie," akaniambia. "Aliachwa kwa tumbo ya mamake. Mimi sijawahi ambia mtu."

Jumapili, 13 Julai

Nimeandika. Spana nimeitoa. Mzee wa watu anaheshimiwa kanisani, nimwaibishe ya nini? Lakini bila spana hadithi haikuwa na mwisho, nami nimefundisha insha miaka thelathini — mkono hauachi tabia. Nimeweka kwamba asubuhi ile ya kuondoka Kimanzi alimshika mkono, akasema, "Mwambie mtoto niko njiani."

Maneno hayo ni ya marehemu mume wangu. Ujumbe wake wa mwisho, bado uko kwenye simu. Yamekaa vizuri pale. Nimelia hata, mimi mwenyewe, kwa uongo wangu mwenyewe.

Jumatano, 20 Agosti

Kijitabu kimetoka wiki tatu sasa na pongezi hazijaisha. Nimekutana na Mutanu sokoni, mke wa mwanawe Mzee Nzau. Anasema kila siku baada ya chakula cha mchana Mzee anataka asomewe kurasa zake. Siku hizi anasahau sana. Juzi ameuliza mkewe yuko wapi, na tulimzika 2019. Lakini ile ya Kimanzi hasahau, Mwalimu, anaijua kama Baba Yetu!

Nimerudi nyumbani nimefurahi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kasyoka amepiga simu. Binti wa Kimanzi! Kijitabu kimemfikia Ekalakala. Mama yake alikufa bila kujua lolote. Kesho anakuja kumsikia Mzee kwa masikio yake, kisha yale maneno yachongwe kwenye kaburi la mama.

Nimekimbia kwa Mzee. Nimemuuliza habari ya spana.

"Spana gani, Mwalimu? Uko na gari siku hizi?"

Nimemkumbusha Wajir, sajenti, tairi. Amenitazama kwa upole. Kisha ameanza kunisimulia asubuhi ile, neno kwa neno, hata pale nilipoweka nukta anapumzika. Na chozi likamtoka. Chozi ni lake kabisa.

Nimeona haya, nimeiacha chai yake mezani. Nimerudi nyumbani kusikiliza ile rekodi. Ipo. Hiyo nataka mtoto wa Kimanzi asikie. Kwenye kijitabu nilifuta yote, nikamwachia hewa.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika jikoni kwa Mutanu, nyuma ya risiti. Nitabandika baadaye.

Kasyoka amekuja na picha moja ya baba yake, imefungwa kwa leso. Ana miaka hamsini na tisa. Amepiga magoti kumwamkia Mzee. Mzee amemsimulia, amefika pale pangu — mwambie mtoto niko njiani — na Kasyoka amelia kwa sauti. Baba alinijua, anasema. Alijua niko!

Hapo ndipo ningesema. Mwoga mimi.

Kisha Mzee akaanza kupapasa koti. "Kuna kitu ya huyu msichana," akasema. "Nilimwekea. Nimekaa nayo sana."

Labda ni peremende, Baba, Mutanu akamwambia. Siyo. Akatoa rozari, dawa, kitambaa. Akageuza mifuko nje. Halafu akainama, anapapasa mguu wa suruali, ubavuni, mahali pasipo na mfuko wowote.

"Mwalimu, si wewe uliandika? Ilikuwa nini?"

Kasyoka naye akanigeukia, machozi yangali usoni, anatabasamu. Nikasema naenda kuangalia chai. Moto wenyewe haujawashwa.

Simu iko hapa kando ya sufuria, rekodi imefunguliwa. Nikibonyeza, namnyang'anya Kasyoka baba aliyempata leo. Nisipobonyeza, yule mzee atazikwa na spana yake.

Mutanu ameniita mara mbili. Kasyoka anasema wacha tu, Baba, usijisumbue, umenipa ya kutosha. Na Mzee anamsihi akae, asiende, bado anatafuta —