Limelipwa Pungufu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu. Natumaini mgongo umepata nafuu na hapo wodini wamekupunguzia kuinua wagonjwa kama walivyoahidi. Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka. Leo nivumilie tu.

Nimepata ujumbe wako kwamba mwenye nyumba anauza, amekupa wewe nafasi ya kwanza hadi mwisho wa mwezi, na Jumatatu unapeleka fomu za mkopo benki. Nimefurahi mno. Miaka kumi na mmoja umelipa kodi pale, kuta umezipaka rangi mara tatu kwa mkono wako. Nyumba ile ni haki yako. Lakini kabla hujaenda, isome barua hii mpaka mwisho, usiiache katikati ukasema ni porojo zangu za kila siku.

Unajua nilikuwa naomba mkopo wa mashine ya pili ya kufulia. Zahanati mbili zinaniletea mashuka, na mashine moja haipumziki. Basi nikaenda benki nimejipiga pasi vizuri, daftari la mauzo kwapani. Afisa mikopo, kijana mpole mwenye tai fupi, akaandika jina langu kwenye kompyuta, akatazama, tabasamu likamkauka. Akasema ombi langu halipiti kwa sababu nina historia ya kushindwa kulipa. Nikamweleza kwamba deni langu la zamani lilikwisha miaka miwili iliyopita na barua ya kumaliza ninayo mkobani. Akasema ananiamini, ila taarifa inaonyesha nilichelewa siku mia mbili na kumi, na alama hiyo inakaa miaka mitano tangu siku ya kulipa.

Dada, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Tumekua tukiambiwa dawa ya deni kulipa. Hakuna aliyetuambia kwamba ukishakunywa dawa ukapona, utavishwa kibao shingoni cha kuwatangazia watu kwamba uliwahi kuumwa. Na nilichelewa kwa nini? Kwa sababu ile hoteli niliyokuwa naifulia vitambaa vya meza ilikalia pesa zangu miezi saba. Mwenye hoteli ana alama gani? Hana hata moja, anakopeshwa huku anachekewa. Mimi niliyeuza kitanda na friji ili nilipe, ndiye mtu wa hatari. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sikukubali. Kesho yake nilifunga duka nikaenda kwenye ofisi inayotunza taarifa za wakopaji, nikadai nioneshwe faili langu. Mama wa kaunta akanichapia kurasa mbili. Pale mwisho wa ukurasa wa kwanza pameandikwa: limelipwa pungufu. Hapo ndipo nilipowasha moto. Nilimwambia kwamba mkusanya madeni wa yule aliyenikopesha alikuja dukani kwangu, akaketi juu ya kapu la nguo chafu za watu, akasema nikilipa theluthi mbili wiki ile, iliyobaki nimesamehewa. Nilimshika mkono nikamwombea heri yeye na watoto wake.

Yule mama hakupandisha sauti. Alisema mkopeshaji alinisamehe kunidai, hakusahau kwamba hakupata chake chote, na anayetaka kunikopesha leo ana haki ya kulijua hilo. Nikamjibu kwamba msamaha unaoandikwa na kuoneshwa wengine si msamaha, ni kusengenya kwenye karatasi. Foleni nzima ikacheka, mzee mmoja akanipigia makofi. Nikajiona shujaa.

Ndipo akafunua ukurasa wa pili, akaniuliza taratibu kama mdhamini wangu ana habari.

Dada, mdhamini ni wewe. Ningeweza kupiga simu, lakini ungenisikia nalia ukanisamehe kabla hujalijua kosa lenyewe. Ikumbuke ile karatasi niliyokuletea kazini, ukiwa katikati ya zamu mbili, glavu mfukoni. Nilikuambia ni ya kuthibitisha tu kwamba unanifahamu. Nikakuhimiza usome, kinafiki tu, ukasema usome nini wakati mimi ni mdogo wako, ukasaini juu ya toroli la dawa. Ilikuwa fomu ya udhamini, na nilijua. Nilijipa moyo kwamba nitamaliza mapema na hutajua kamwe. Anwani yako niliandika ya duka langu. Barua mbili za onyo zilikuja kwa jina lako, nikazichana.

Kwa hiyo wewe, ambaye hujawahi kukopa hata chumvi kwa jirani, faili lako linasema sawasawa na langu: siku mia mbili na kumi, limelipwa pungufu.

Jana nimeuza mashine. Theluthi iliyobaki nimeilipa yote, na risiti nimeiambatanisha na barua hii. Yule mama anasema neno pungufu litaondoka kwenye mafaili yote mawili, ila huenda ikachukua wiki sita, na siku za kuchelewa zitabaki. Nilimwomba basi aandike kwamba hukujua. Akanionesha fomu yake: ina sehemu ya tarehe, ya kiasi na ya siku. Haina sehemu ya kuandika kwamba mdhamini alidanganywa na ndugu yake. Siku mbili nzima nimewatukana watu kwa kuandika yaliyo kweli, na jambo moja ambalo lingekuokoa ninalo mimi peke yangu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni mwa benki. Kama hutaki kuniona, pita kama hunijui. Nitaingia nyuma yako, na afisa akishalifungua faili, nitasema mwenyewe nilichokufanyia, hata kama foleni nzima inasikia.

Wabusu wanangu. Shemeji usimfiche, ingawa sijui nitamtazama kwa uso gani.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomodomo